Mimea Hai Katika Malezi ya Vifaranga vya Samaki

Katika maabara za biolojia za baadhi ya shule zetu hupatikana tangi la kioo lenye samaki wachache, changarawe safi chini yake, na pengine kipuliza hewa kidogo. Samaki hao huzaana. Asubuhi moja wanafunzi huona vifaranga thelathini wakikimbiakimbia kandokando ya kioo. Baada ya juma moja hubaki watatu, au asibaki hata mmoja. Kwa kuwa maji yanaonekana meupe na chakula kimetolewa kila siku, lawama huangukia maradhi yasiyojulikana au bahati mbaya tu. Mfugaji mzoefu atatoa shauri fupi: tieni mimea hai. Shauri hilo ni la kweli. Lakini akiulizwa sababu yake, aghalabu atajibu kwamba mimea huwapa samaki oksijeni, na jibu hilo ndilo tunalokusudia kulipima hapa. Katika mambo yote ambayo mmea humpa kifaranga, oksijeni ndiyo dhaifu kuliko yote, na kuna saa ambapo kipaji hicho hugeuka kuwa deni.

Imani yenyewe ina historia ya heshima. Mwaka 1779 daktari Mholanzi Jan Ingenhousz, akiwa Uingereza, alizamisha majani katika maji na kuyaweka juani. Mapovu madogo yalijitokeza juu ya majani hayo. Alipoyapeleka gizani mapovu yakakoma. Alithibitisha kwamba ile hewa ilikuwa ya aina iwezayo kuuwasha tena ujiti unaofifia, yaani oksijeni kama tuiitavyo leo. Miaka sabini baadaye mkemia Robert Warington wa London alitia samaki wawili wadogo wa dhahabu katika chombo cha glasi, pamoja na mmea wa majini uitwao Vallisneria spiralis, mchanga na mawe. Mwaka 1850 aliieleza Jumuiya ya Wakemia jinsi viumbe hao walivyoweza kuishi pamoja bila maji kubadilishwa mara kwa mara. Palikuwa na tatizo moja: majani yaliyozeeka yalioza na kuyachafua maji. Warington akaongeza konokono wachache wa majini, nao wakayala yale majani yaliyooza. Mayai yao yakawa chakula cha samaki. Tangu hapo wazo la tangi lenye mizani, ambamo mnyama humlisha mmea na mmea humlisha mnyama, limeingia katika vitabu vya shule duniani kote.

Lakini Ingenhousz huyo huyo aliona jambo la pili ambalo vitabu vingi hulipitia haraka. Gizani mimea yake haikuacha tu kutoa hewa njema. Ilianza kuiharibu hewa iliyokuwapo. Mmea ni kiumbe hai, nao hupumua usiku na mchana. Mchana usanidimwanga hufunika hesabu hiyo, kwa maana oksijeni inayotolewa huzidi inayotumiwa. Jua likitua hubaki matumizi matupu.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Maji yenye joto la sentigredi 25, katika mahali palipo usawa wa bahari, hayawezi kushika zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita yakiwa yamelingana na hewa. Tangi la lita 30 basi lina miligramu 240 au zaidi kidogo. Lita moja ya hewa tunayoivuta, katika joto hilo hilo, ina miligramu 270 hivi. Yaani oksijeni yote iliyoyeyuka katika tangi zima ni pungufu ya ile iliyomo katika lita moja ya hewa iliyo juu yake! Mwanafunzi akilitafakari jambo hili ataelewa kwa nini uso wa maji, pale yanapokutana na hewa, ndio mlango mkuu wa pumzi ya samaki. Chombo kipana chenye maji ya kina kifupi humsaidia kifaranga kuliko chombo chembamba kilichojaa mimea mpaka juu. Tena mapovu yale yanayopendeza machoni mengi yake hupanda na kupasuka hewani kabla ya kuyeyuka. Na tangi lililosongwa na mimea huwa na oksijeni kidogo kuliko wakati wowote mnamo alfajiri, baada ya mmea, samaki na bakteria kushirikiana kuitumia usiku kucha. Anayetaka kujua hali ya tangi lake asilitazame saa nane mchana. Alitazame saa kumi na moja alfajiri, aone kama samaki wamekusanyika juu wakihema.

Kama si oksijeni, basi ni nini?

Maficho

Samaki wengi hawamtambui kifaranga kuwa ni mtoto. Humwona kuwa ni chakula chenye ukubwa unaotosha kinywa. Gapi (Poecilia reticulata), samaki mdogo wa asili ya kaskazini ya Amerika ya Kusini ambaye ameenezwa katika nchi nyingi za joto ili ale viluwiluwi vya mbu, huzaa watoto walio hai kila baada ya majuma manne hivi, na mama huweza kuwageukia na kuwala siku ile ile aliyowazaa. Katika tangi tupu kifaranga hana pa kwenda. Katika kichaka cha majani membamba mwili wa mama haupiti, wala jicho lake halimwoni mtoto kwa urahisi.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili tunao katika maziwa yetu wenyewe. Furu wengi wa Ziwa Viktoria huatamia mayai kinywani. Mama huyabeba kwa majuma mawili au matatu, hali akila kidogo sana au asile kabisa, kisha huwatoa watoto wake mahali penye kina kifupi. Ziwa hilo lilikuwa na aina za furu zipatazo 500, ambazo nyingi hazipatikani penginepo duniani. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Lakini hawakutoweka kila mahali kwa kadiri moja. Ziwa Nabugabo la Uganda, ambalo limetengwa na Ziwa Viktoria kwa ukanda wa mchanga, nalo lilitiwa sangara katika miaka ya 1960. Kuanzia miaka ya 1990 mtaalamu Lauren Chapman na wenzake walichunguza kingo za ziwa hilo, wakakuta kwamba samaki wa asili waliokuwa wamepotea katika maji ya wazi walikuwa bado wakiishi ndani ya mimea minene ya kandokando na katika vinamasi vya jirani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba maji hayo ya ndani ya kinamasi ni maskini sana wa oksijeni. Sangara huyaepuka kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa hastahimili upungufu wa oksijeni kama wenyeji wastahimilivyo. Kuna samaki mdogo wa familia ya furu, Pseudocrenilabrus multicolor, ambaye wale wanaoishi vinamasini wana matamvua makubwa kuliko ndugu zao waishio maji ya wazi. Kwa hiyo mmea uliwaokoa samaki wadogo si kwa kuwapa oksijeni, bali mahali ambapo adui alishindwa kupenya na kupumua. Sijui mfano mwingine ulio bora kuliko huo wa kumsahihishia mwanafunzi lile jibu la mkato.

Amonia

Kipaji cha pili hakionekani kwa macho, nacho ndicho kinachowaokoa vifaranga wengi zaidi katika tangi la shule, hasa pale ambapo wazazi wamekwisha kutengwa na hakuna anayewala.

Kifaranga hula mara nyingi kwa siku, na chakula chake lazima kiwe na protini nyingi. Protini ina naitrojeni, ambayo ni kama asilimia 16 ya uzito wake. Samaki hutoa sehemu kubwa ya naitrojeni asiyoihitaji kwa njia ya matamvua, ikiwa katika umbo la amonia. Tuseme mwanafunzi ametia gramu moja ya chakula chenye protini asilimia 40. Ndani yake mna miligramu 64 za naitrojeni. Ikiwa nusu tu ya hiyo itaishia majini, ama kupitia mwili wa samaki ama kwa kuoza kwa makombo, tutapata miligramu 32. Na katika tangi la lita 32 hiyo ni miligramu moja kwa kila lita. Gramu moja ya chakula si nyingi: ni kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole mara chache.

Sasa amonia majini huwa ya namna mbili. Sehemu yake hushika chembe ya hidrojeni ikawa amoniumu, ambayo haimdhuru samaki sana. Sehemu nyingine hubaki amonia yenyewe, ambayo hupenya matamvua na kuyaunguza. Mgawanyo wa namna hizo mbili hutegemea hasa kipimo cha pH. Katika joto la sentigredi 25, maji yenye pH 7 huwa na amonia yenye sumu kiasi cha asilimia 0.6 tu ya jumla. pH ikiwa 8 hufikia asilimia 5. pH ikiwa 9 hupanda hadi asilimia 36. Ile miligramu moja tuliyoihesabu, ambayo katika pH 7 ingetoa sumu ya miligramu 0.006 tu kwa lita, katika pH 8 hutoa miligramu 0.05, kiwango ambacho wafugaji wengi hawataki kukivuka. Hapa ndipo panapojibiwa swali la vifaranga waliokufa katika maji meupe. Amonia haina rangi, na kwa kiasi hicho pua ya mtu haiisikii.

Katika tangi lililozoea, bakteria huishughulikia hatari hiyo. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni ya upole zaidi. Kazi ya bakteria hao ilifafanuliwa na Sergei Winogradsky kuanzia mwaka 1890. Lakini katika tangi jipya huchukua majuma kama manne hadi sita kuongezeka kiasi cha kutosha, nao vifaranga hawangoji. Tena walimu wengi, kwa nia njema, huosha changarawe na kioo kwa bidii kila juma, na hivyo kuwafukuza bakteria walioanza kukaa.

Mmea hai huziba pengo hilo. Mimea mingi ya majini hupenda kuchukua amoniumu kabla ya nitrati, kwa sababu amoniumu huingia katika ujenzi wa protini bila gharama ya kubadilishwa kwanza. Ceratophyllum demersum, mmea unaofanana na mkia mrefu wa manyoya ya kijani na unaopatikana kwa wingi katika Ziwa Viktoria na mabwawa mengi, hauna mizizi ya kweli. Hula kwa mwili mzima kutoka katika maji yanayouzunguka. Mimea inayoelea, kama vile Pistia stratiotes yenye umbo la kabichi ndogo, hupata kaboni dioksidi moja kwa moja kutoka hewani, ndiyo maana hukua upesi na kunyonya upesi. Kipimo cha kazi hiyo ni rahisi: mmea unaokua ndio unaonyonya. Mmea uliodumaa ni pambo tu, na unaokufa hurudisha majini kila ulichokichukua.

Lakini tahadhari moja haina budi kutajwa. Mmea unaposanidi chakula chake juani huondoa kaboni dioksidi majini, na pH hupanda. Tangi lenye mimea mingi, maji yasiyo na chumvi za kutosha za kutuliza badiliko hilo, na jua kali la adhuhuri, laweza kufika pH 9 kabla ya alasiri. Ikiwa siku hiyo chakula kimezidi, mmea ule ule unaoiondoa amonia utakuwa umeikuza sumu ya ile iliyobaki. Ndiyo sababu tangi la vifaranga hukaa vizuri karibu na dirisha lenye mwanga mpole, lakini si mbele ya jua lenyewe.

Malisho

Kifaranga wa gapi, ambaye huzaliwa akiwa na urefu wa milimita 6 au 7, aweza kula unga laini wa chakula tangu siku ya kwanza. Vifaranga wa samaki wanaotaga mayai madogo na kuyaacha ni wadogo zaidi. Wakishamaliza kiiniyai walichozaliwa nacho huhitaji viumbe wasioonekana ila kwa hadubini, nao huvihitaji saa kwa saa, si asubuhi na jioni mlango wa maabara unapofunguliwa. Juu ya majani ya mmea wa majini huota utando mwembamba wa bakteria na mwani, na ndani ya utando huo hulisha paramesia, vortisela na wengineo. Mwalimu aliye na hadubini akwangue jani moja kuukuu la Vallisneria, atie tone la maji, na awaonyeshe wanafunzi wake. Somo la mfumo wa ekolojia litajieleza lenyewe pasipo mchoro ubaoni.

Kupata mimea kwa salama

Mimea ya majini iko tele katika nchi zetu, na hapo pana hatari ambayo Warington wa London hakuwa na haja ya kuifikiria. Konokono wa jenasi Bulinus na Biomphalaria, ambao hukaa juu ya mimea hiyo hiyo, ndio wanaohifadhi vimelea vya kichocho. Vimelea vinavyotoka katika konokono huishi majini kwa siku moja au mbili na kupenya ngozi ya mtu. Kwa hiyo mwanafunzi asitumwe kuingia ziwani au bwawani kuchuma mimea. Njia bora ni kuomba kipande kutoka kwa mfugaji ambaye tangi lake halina konokono. Shina la Ceratophyllum lenye urefu wa kiganja litajaza ndoo baada ya muda. Ikiwa hapana budi kuchukua mimea ya porini, mtu mzima aivute kwa reki yenye mpini mrefu akiwa amevaa glavu za mpira, aikague jani kwa jani, aondoe kila konokono na kila tone la ute lenye mayai, kisha aiweke katika ndoo ya peke yake, ambayo mikono mitupu haiingii, kwa majuma matatu. Konokono yeyote akionekana katika muda huo, hesabu ianze upya. Karantini hiyo itafichua pia viluwiluwi vya kereng'ende, ambavyo hukamata vifaranga kwa ustadi wa kutisha.

Maji ya bomba yakae wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Mimea inayoelea isifunike zaidi ya nusu ya uso wa maji. Majani yaliyooza yaondolewe, na robo ya maji ibadilishwe kila juma. Mmea haumwondolei mfugaji kazi hiyo, humpunguzia tu adhabu ya kuchelewa.

Jaribio kwa madarasa

Yale tuliyoyaeleza yaweza kupimwa kwa mabeseni matatu ya lita 10. Kila moja litiwe maji yaliyotoka katika chombo kimoja, na vifaranga kumi wa umri mmoja, pasipo samaki wakubwa. Beseni la kwanza liwe tupu. La pili litiwe fungu la nyuzi za nailoni zilizochemshwa na kuoshwa, zifungwe kama kichaka. La tatu litiwe Ceratophyllum yenye kujaza nafasi iyo hiyo. Mahali pa kila beseni pachaguliwe kwa kura, na chakula kipimwe sawasawa. Mara mbili kwa juma wanafunzi wahesabu waliobaki, na kila juma wapime urefu wao kwa kuwaweka kwa dakika chache katika sahani ya kioo yenye maji, juu ya karatasi ya grafu.

Maana ya nailoni ni kutenganisha sababu. Nyuzi hizo hutoa maficho, na baada ya siku kadhaa hushika utando wa malisho, lakini haziwezi kunyonya amoniumu wala kutoa oksijeni. Vifaranga wa beseni la pili wakistawi kama wa la tatu, basi uhai wa mmea haukuwa na uzito mkubwa katika hali hiyo. Wakizidiwa, wanafunzi wana neno la kujadili, na wakiwa na karatasi za kupimia amonia na pH watajua pa kuanzia. Beseni moja la kila aina halitoshi kuthibitisha chochote, kwa kuwa bahati nayo hufanya kazi yake. Shule yenye mikondo minne ifanye jaribio mara nne na kukusanya hesabu pamoja. Vifaranga wakionekana kuhema juu katika beseni lolote, maji yabadilishwe katika mabeseni yote kwa kiasi kimoja, na jambo hilo liandikwe katika daftari pamoja na saa yake.

Jaribio likiisha, wala samaki wala mimea isimwagwe mtoni. Gugumaji, Eichhornia crassipes, mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake, lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika muongo uliofuata lilizifunga ghuba na bandari. Gapi naye si mwenyeji wa maji yetu. Samaki wapewe mfugaji mwingine. Mimea iliyozidi ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, kisha ifukiwe katika shimo la mboji. Maji ya tangi, yenye ile nitrati ambayo mimea haikuwahi kuimaliza, yanafaa sana kwa tuta la mchicha.